Punje Arobaini na Moja

Ghala la Mbegu, Kitivo cha Kilimo
12 Machi

Dada,

Salamu kwako, kwa shemeji na kwa wapwa zangu. Mimi mzima, ila macho yameanza kugoma kwa kuhesabu punje mchana kutwa.

Usishtuke kupata barua badala ya simu. Ninayotaka kukueleza ni marefu, na humu ofisini simu yangu ikilia watu wanne wanatega masikio. Gari la kitivo litapita kwako kila baada ya wiki moja, siku ya Alhamisi, na dereva amekubali kuwa tarishi wetu.

Jambo lenyewe ni kwamba shamba lako limechaguliwa. Unajua kitivo chetu kimefanya mengi: miche ya mihogo isiyo na ugonjwa, kipimo cha udongo ambacho mkulima anakitumia mwenyewe, mabwawa ya samaki ambayo watu wanasafiri kuja kuyaona. Lakini kwenye maharage bado hatujatamba. Bosi wetu anastaafu mwaka huu na anataka aache mbegu. Tunamwita Profesa Mizani, kwa kuwa hupima kila kitu mara mbili, hata sukari ya chai yake.

Bibi Shamba wetu atakuja kuchora vitalu vinane upande ule wa kisima. Kila kitalu kitakuwa na kigingi chenye namba, bila jina. Hivyo ndivyo tunavyofanya kazi, maana mkulima akijua ipi ni ipi, mkono wake hupendelea bila yeye kutaka. Usiongeze samadi popote. Usimwagie majivu. Na tafadhali, hata ganda moja lisiingie jikoni mpaka mavuno yapimwe.

Kutoka kwako tunahitaji kitu kimoja tu: kilo mbili za mbegu ya mama, ile ya mtungini. Nayo itapewa namba yake, tuilinganishe na hizo nyingine. Zote zitapakwa dawa ya rangi ya waridi kabla ya kupandwa, kwa hiyo usijisumbue kuzikagua.

Mdogo wako

---

Nyumbani
21 Machi

Mdogo wangu,

Barua nimeipata. Bahasha ilikuwa na gundi mara mbili, moja kavu na moja mbichi. Ama wewe una wasiwasi, ama dereva wako ana udadisi. Hii yangu nimeishona kwa uzi mweusi. Ukikuta uzi wa rangi nyingine, ujue la kufanya.

Bibi Shamba alikuja na kamba, vigingi na kofia kubwa kuliko mwavuli. Mtu mzuri, ila mdomo wake una kufuli. Nilimuuliza namba tatu ni mbegu gani, akacheka. Namba sita? Akacheka tena. Mpaka tunafika ya nane nilikuwa nimechoka kuchekwa kwenye shamba langu mwenyewe. Kaka yangu, waliosema mficha uchi hazai walikuwa na akili kuliko kitivo chenu. Mbegu njema inafichwa jina ili iweje?

Na mbona shamba langu? Wako wakulima wenye ardhi tambarare karibu na lami, gari lisingetoka jasho. Miaka kumi na moja tangu tumzike mama umekuja hapa mara nne, tena ukiwa umekaa upande upande kitini kama mtu anayesubiri basi. Leo umelikumbuka shamba.

Kilo mbili nimempa Bibi Shamba. Zilitoka mtungini, kwenye majivu, kama ulivyotaka. Usiniulize mengine.

Wapwa zako wanakusalimu. Mkubwa anauliza kama ni kweli mjomba analipwa kwa kuhesabu maharage.

Dada yako

---

Nyumbani
2 Mei

Mdogo wangu,

Vitalu vimechanua, na mimi silali vizuri.

Namba moja mpaka sita, maua meupe. Namba nane, meupe. Namba saba, zambarau. Si zambarau ya kubabaisha, ni ile ile iliyokuwa ikizunguka jiko la mama tulipokuwa wadogo, ambayo ulikuwa unachuma unajipaka kwenye kucha mpaka siku baba akakufuma. Na huku jirani zangu wote wanalalamikia kutu kwenye majani, namba saba haina hata doa.

Nimemuuliza Bibi Shamba namba saba imetoka wapi. Safari hii hakucheka. Alisema, "Mama, hiyo ndiyo fahari ya kitivo. Ikipita hapa, inaenda kwa kamati." Nikamwambia sikuuliza inakoenda, nimeuliza ilikotoka. Akasema iko kwenye daftari la ghala, na mwenye daftari ni ndugu yangu.

Haya, mwenye daftari. Nakuuliza wewe.

Dada yako

---

Ghala la Mbegu
8 Mei

Dada,

Uzi ulikuwa mweusi. Ahsante kwa kunifanya nikague uzi mbele ya wenzangu.

Ya namba saba siruhusiwi kuyasema mpaka mavuno yapimwe. Maua ya zambarau yapo kwenye aina nyingi za maharage, tunazo labda mia mbili humu ghalani. Usijitie presha bure.

Lakini na mimi nina swali, na kwa kukuuliza navunja sheria ya kazi. Mbegu uliyotupa, ile ya mtungini, ndiyo namba nne. Bibi Shamba ameandika kwamba namba nne imechanua maua meupe, na imeshikwa na kutu kuliko zote. Mimi nakumbuka ya mama yalikuwa na maua ya zambarau. Wewe mwenyewe umeyataja kwenye barua yako. Sasa yamekuwaje meupe? Au mtungi uko zaidi ya mmoja?

Sikushutumu. Nauliza tu.

Mdogo wako

---

Nyumbani
16 Mei

Wewe,

"Sikushutumu, nauliza tu." Hivyo ndivyo polisi wanavyoanza.

Mbegu inabadilika. Udongo umechoka, mvua zimekuwa za kuiba, nyuki wanachanganya mambo. Wewe ni msomi, unajua zaidi. Mimi ndiye niliyebaki na huo mtungi. Mimi ndiye niliyeupaka majivu kila msimu, wakati wewe uliondoka siku ya pili baada ya mazishi, koti zito mwilini na jua linawaka, hata chai hukumaliza. Watu wa hapa bado wanakuja kuniomba kikombe cha mbegu ya mama, na hakuna aliyewahi kurudi kusema nimempa kitu kingine. Wewe uliye mbali ndiye umeona meupe.

Mama alikuita Kindi kwa sababu mifuko yako haikukosa punje. Siku hizi nakuwaza kwa jina hilo zaidi kuliko lako.

Namba saba bado sijajibiwa.

Dada yako

---

Ghala la Mbegu
19 Juni

Dada,



Mavuno yamepimwa. Wiki moja kabla, Bibi Shamba alihesabu maganda ya mistari miwili ya kila kitalu. Siku ya kuvuna, mstari mmoja wa namba saba ulikuwa na maganda nusu. Hakuna kwato, hakuna kinyesi cha panya, hakuna ganda lililoanguka chini. Yamechumwa, tena na mtu anayejua kuchuma, maana hakuna shina hata moja lililovunjika.

Profesa Mizani alipima mara mbili, halafu mara ya tatu. Kisha aliniita na kufunga mlango. Miaka mitatu iliyopita kuna mtu humu alimpa muuza mbegu sampuli ambayo haijapitishwa. Sasa Profesa anauliza inakuwaje mbegu iibwe kwenye shamba la dada wa mtunza ghala. Anauliza kwa upole, na hilo ndilo linalonitisha. Mwezi ujao walikuwa wanifanye mkuu wa ghala. Kamati inakaa tarehe 25 Julai, na bila maelezo namba saba haifiki mezani.

Nani ameingia shambani? Kama ni jirani, nitajie. Kama ni mtu wa nyumbani, nitajie pia. Na nakuomba usinijibu kwa methali.

Mdogo wako

---

Nyumbani
27 Juni

Kindi,

Ni mimi.

Tena niliingia mchana kweupe, na kapu, kwenye shamba langu. Nilichuma bakuli mbili, nikaambua, na punje ya kwanza iliponidondokea kiganjani nikajua. Hudhurungi, na ubavuni kile kidoa cheupe kama kovu la chanjo. Lakini macho ya mtu mzima yanadanganya, kwa hiyo nikayapika.

Unakumbuka mama aliyaitaje? Mgeni Njoo. Alisema yanaiva kabla mgeni hajamaliza kusalimia watu wote. Nilibandika sufuria, nikaanza kufagia uani, na kabla sijafika kwenye kizingiti harufu ikanifuata. Nilionja moja. Nilikaa chini pale pale jikoni nikalia, mwanangu akadhani nimeungua.

Kwa hiyo usiniulize mimi nani ameiba namba saba. Namba saba ni maharage ya mama. Bibi Shamba anaiita fahari ya kitivo. Mtachapa kijitabu chenye picha yake, Profesa atapeana mikono na wakubwa, na jina la mama halitakuwepo hata kwa herufi ndogo. Daftari liko mkononi mwako. Niambie umeandika nini, na niambie uliyapata vipi, maana mimi sikukupa.

Dada yako

---

Ghala la Mbegu
4 Julai

Dada,

Siku ya pili baada ya mazishi ulikuwa nje unawasindikiza wageni. Niliingia chumba cha mama kuaga. Mtungi ulikuwa pale pale. Nikaingiza mkono kwenye majivu, nikachota gao moja la kiganja, nikatia kwenye mfuko wa koti. Ndiyo sababu sikulivua, na ndiyo sababu sikumaliza chai. Nilipofika huku nikahesabu. Punje arobaini na moja.

Nilikuwa na miezi miwili kazini. Kila mbegu inayoingia ghalani lazima iwe na kibali chenye sahihi ya mwenyewe. Mwenyewe alikuwa kaburini, na wewe nilikuogopa. Niliona utaniambia hata maiti haijapoa na mimi nabeba. Kwa hiyo kwenye daftari, mahali pa mtoaji, niliandika kwa mkono wangu: hajulikani. Dada, nilimwandika mama hajulikani. Nimeligusa daftari lile kila siku kwa miaka kumi na moja na sijawahi kufungua ukurasa ule bila sababu.

Hatukuyachanganya na aina nyingine. Tulichagua tu, msimu baada ya msimu, shina lililoshinda kutu, tukapanda tena. Profesa Mizani amechagua kwa mkono wake mwenyewe, kwa magoti yake mwenyewe, na hajui lolote kuhusu nyumba yetu. Nikipata la kumlaumu nitakuandikia.

Uliuliza mbona shamba lako. Ni mimi niliyelipendekeza. Nilitaka yarudi nyumbani bila mimi kulazimika kusema. Sasa unajua kaka yako ni mtu wa namna gani.

Lakini nimekuvulia nguo, na wewe nijibu. Maabara imelinganisha namba nne na namba saba. Hazina undugu wowote. Zote mbili, kwa maneno yetu mimi na wewe, zimetoka mtungi mmoja. Nilichochota mimi nakijua. Ulichotupa wewe ni nini?

Mdogo wako

---

Nyumbani
11 Julai

Mdogo wangu,

Nimekaa na barua yako siku tatu. Nyani haoni kundule, na mimi yangu nilikuwa nimeikalia.

Mwaka uliofuata baada ya mama, mvua haikunyesha. Wewe ulisoma gazetini, mimi nilikuwa humo ndani. Shemeji yako alikuwa ameenda kutafuta kibarua, watoto wawili, wa tatu tumboni. Nilianza na kikombe kimoja kutoka mtungini, nikajiambia nitarudisha. Kikombe cha mwisho nilikipika siku mkubwa alipoanguka akitoka shule. Yaliiva haraka, kama kawaida yake. Nakumbuka nilichukia kwamba yameiva haraka.

Mvua iliporudi, jirani akaja kuomba mbegu ya mama. Nilimwambia arudi jioni. Nilienda sokoni nikanunua maharage ya rangi inayofanana, nikayatia mtungini, nikayapaka majivu. Nikampa kikombe. Kesho yake akaja mwingine. Tangu hapo nimegawa uongo kwa vikombe, miaka kumi. Nusu ya mashamba unayoyaona ukija hapa yamepandwa maharage ya sokoni yenye jina la mama, na kutu ikiyala watu wananiambia, "Udongo umechoka," nami naitikia.

Ndiyo sababu nilipoona zambarau sikulala. Niliona umeiba, na niliona kwamba nikikuita mwizi utaniuliza namba nne ni nini. Nilikuwa nakurushia mawe huku nimejificha nyuma ya mlango wangu mwenyewe.

Kama usingetia mkono kwenye ule mtungi, Kindi, leo mbegu ya mama isingekuwepo duniani. Nakuambia hivyo na bado nina hasira. Uliniacha peke yangu na nyumba ikinuka msiba, ukabeba kitu ambacho ningekupa. Naapa ningekupa. Ungeniomba tu.

Karatasi iliyo ndani ni ya Profesa Mizani. Nimeandika kwamba mimi ndiye niliyechuma, bakuli mbili, na hakuna muuza mbegu aliyefika hapa. Nimetia sahihi na kidole gumba pia, asije akapima mara mbili akakosa.

Haya ya mtungi ni yako peke yako. Kwa majirani nitaona mwenyewe.

Dada yako

---

Kitivo cha Kilimo
1 Agosti

Dada,

Nilimpelekea Profesa Mizani karatasi yako, kisha nikampelekea na daftari. Nilifungua ule ukurasa mbele yake. Alisoma neno lile, akavua miwani, akalisoma tena. Nikamweleza yangu yote. Yako sikuyagusa. Kuhusu namba nne nilisema tu kwamba mbegu ya mtungini ilikwisha mwaka wa njaa na nafasi yake ikachukuliwa na ya soko, jambo ambalo limetokea kwa wakulima wengi. Hakuuliza zaidi.

Hakufoka. Alisema, "Kijana, miaka kumi nimepiga magoti kwenye mali ya mtu bila hodi." Basi.

Kwenye daftari letu hairuhusiwi kufuta. Unapiga mstari mmoja juu ya kosa, ili lisomeke, unaandika ukweli kando na kutia sahihi. Kwa hiyo "hajulikani" bado linaonekana, na kando yake sasa liko jina la mama. Ukuu wa ghala umeenda kwa mwingine. Mimi nimehamishiwa kwenye kupima udongo, na nasikia harufu yake ni bora kuliko dawa ya waridi.

Kamati ilikaa na imeikubali namba saba kwa sharti moja: kibali cha mwenye mbegu. Mwenye mbegu ni wewe. Usipotia sahihi, namba saba inaondolewa na kazi yote inaishia kwenye kabati. Profesa anastaafu mwezi huu na amenikataza kukusihi, kwa hiyo sikusihi. Amua unavyoona.

Kwenye bahasha ndogo nimekuwekea punje za uzao wa kwanza wa zile za mama, kutoka mfuko uliokuwa chumba cha baridi, si zile za kuchaguliwa. Nilizihesabu kama siku ile. Arobaini na moja.

Mdogo wako

---

Nyumbani
9 Agosti

Mdogo wangu,

Barua hii sikuishona. Dereva akitaka kusoma, asome, anaijua hadithi nusu tayari.

Kibali hiki hapa nyuma, na sahihi. Nimeandika masharti mawili. La kwanza, iitwe Mgeni Njoo, si fahari ya mtu yeyote. La pili, gunia la kwanza lije huku kabla ya kwenda kwenye maonyesho yenu, kwa sababu nina nyumba thelathini na mbili za kuzungukia. Nimeanza na jirani wa kwanza. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama mlangoni kwake. Alisema maharage yale alikuwa anayasema vibaya moyoni kwa miaka kumi akiogopa kumkosea marehemu. Wa pili hakunikaribisha ndani. Bado thelathini.

Mwambie Profesa wako akistaafu aje. Nitampa kiti, apumzishe magoti.

Punje zako nimezimwaga kwenye sinia nikazihesabu. Nikahesabu tena. Nikamwita mwanangu mkubwa, yule anayetaka kazi ya kuhesabu maharage, naye akahesabu. Ziko arobaini.

Hiyo moja usiirudishe, Kindi. Ila safari hii, iombe.

Dada yako